Nani Autangaze Mwezi? Sikukuu katika nyumba ya Bibi wa Aden

Karatasi niliyopewa na wakala wa kazi za kutunza wagonjwa ilikuwa na ratiba ya dawa za kisukari na za moyo, namba ya daktari, na chini kabisa sentensi moja: familia inashika Sabato na sikukuu zote. Mimi Mwislamu wa Mombasa, mzaliwa wa Kibokoni, nikadhani nimeelewa. Sikukuu nazijua. Mtu huoga, huvaa, huswali, hula, huenda kwa jamaa. Nyumba ile ya Stamford Hill, kaskazini mwa London, ilinionyesha sikukuu za namna nyingine. Kila jambo lilikuwa na wa kusema ndiyo na wa kusema hapana, na jina la aliyeshindwa likahifadhiwa pamoja na hoja yake.

Niliyekwenda kumhudumia nilimwita Bibi, naye akaniita ya binti, kwa Kiarabu "ewe binti yangu". Alizaliwa Aden, mtaa wa Crater, enzi za Waingereza. Alikuwa mtoto Desemba 1947, siku za ghasia ambazo Wayahudi zaidi ya 70 waliuawa mjini humo. Wengi wa jamaa zake waliondoka kwenda Israeli mwaka 1949 na 1950. Waliobaki waliondoka kidogokidogo mpaka 1967, Waingereza walipofungasha virago, na hao ndio waliojikuta London, katikati ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki wenye makoti meusi na kofia za manyoya, wao na sinagogi lao dogo na pilipili yao ya kusaga. Bibi alikula uwatu karibu kila siku. Chai yake ilikuwa na iliki. Nyanya yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Hadhramaut, na Kiarabu kidogo nilichookota kwake na madrasani kilinifaa zaidi katika nyumba ile ya Kiyahudi kuliko mahali pengine popote Uingereza. Watu wa nyumbani wakiniuliza kama siogopi kukaa na Wayahudi, niliwajibu kwamba ninachokiogopa ni ngazi za nyumba hiyo, maana Bibi alikataa kulala chini.

Swali langu la kwanza kwao lilikuwa la maslahi tu. Niliona kwenye ratiba ya zamu kwamba Pasaka, Sikukuu ya Majuma na Sikukuu ya Vibanda kila moja ina siku mbili takatifu pale ambapo Torati inataja moja. Binamu zao wa Yerusalemu wanashika moja. Hawa wa London wanashika mbili. Nikamuuliza mjukuu wa Bibi, kijana aliyekuwa akisoma chuo cha dini, ambaye jioni alikuja kukaa na nyanya yake, kula chakula chake na kubishana naye. Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa anachokipenda. "Hilo ni refu," akasema. "Ni mambo ya mwezi." Nikaliweka, ila neno hilo mwezi lilinikaa kichwani, kwa sababu nitakazozieleza.

Jikoni ndiko nilikojifunza kwanza namna wanavyofikiri. Siku ya Sabato hakuna kupika kabisa. Siku ya sikukuu kupika kunaruhusiwa, kwa aya ya Kutoka 12:16, lakini moto usizaliwe upya, sharti uchukuliwe kwenye moto uliokwisha kuwaka. Ndiyo maana kulikuwa na mshumaa mnene wa kukaa siku mbili juu ya sinki, na kijiti cha kuhamishia moto kwenye jiko la gesi. Mimi kazi yangu ilikuwa kukata vitunguu, kuosha mchele, kuchambua kunde. Sufuria kuiweka motoni aliiweka Bibi kwa mkono wake uliotetemeka, nami nimeshika kiwiko, kwa sababu kwa desturi yao chakula kilichopikwa na asiye Myahudi peke yake hawakili. Mwanzoni nilihisi ni dharau. Baadaye nikakumbuka jinsi mamangu anavyouliza mara tatu nyama imechinjwa na nani, nikanyamaza.

Sikukuu ikiangukia Alhamisi na Ijumaa linazuka tatizo. Ijumaa ni sikukuu na kupika ni halali, lakini kupikia leo chakula cha kesho, yaani cha Sabato, si halali. Basi Jumatano jioni Bibi huchukua mkate na yai la kuchemsha, anavitaja kwa dua fupi, anaviweka kando. Upishi wa Sabato umekwisha kuanza kabla ya sikukuu, na Ijumaa inauendeleza tu. Nikamuuliza mjukuu kama hiyo si hila. Hakukasirika. Alisema marabi wawili, yaani wanazuoni wao, katika Talmudi, kitabu cha mijadala yao ya kale, walitoa sababu mbili. Mmoja alisema ni ili watu wasizame katika minofu ya sikukuu wakaisahau Sabato. Wa pili alisema ni ili mtu ajiambie: ikiwa hata kwa ajili ya Sabato siwezi kupika bila yai hili, je, kwa ajili ya siku ya kawaida? Nikauliza ipi ndiyo yenyewe. "Zote zimeandikwa," akasema, akaendelea kula.

Pasaka ilinigusa mimi mwenyewe, kwa kuwa ninapenda chapati. Wakati huo Myahudi hatakiwi kula mkate wenye chachu, hatakiwi kuwa nao, wala usionekane nyumbani mwake kama mali yake. Nyumba ilifuliwa kutoka darini mpaka chini ya friji. Unga wangu je? Mwanawe Bibi alikuja kwangu na aibu yake yote, akasema amemuuliza rabi. Jibu lilikuwa kwamba unga wangu ni wangu, wao hawana mamlaka juu yake wala dhamana yake, kwa hiyo hawavunji sheria ukiwamo ndani ya nyumba. Kitakiwacho ni kizuizi, asije mmoja wao akapita kwa mazoea akamega. Kizuizi kikawa mlango wa chumba changu. Siku nane hizo nilikula chapati zangu zikiwa baridi, mlango umefungwa, kama mtoto anayekula mchana wa Ramadhani.

Lakini siku iliyonifanya nianze kusikiliza kwa makini ilikuwa Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Hufungwa tangu kabla ya jua kuchwa mpaka nyota za usiku wa kesho yake, saa 25 hivi, bila chakula wala tone la maji. Daktari alishasema Bibi akikaa saa zote hizo mkavu, sukari na figo vitamshinda. Bibi akasema hana haja ya kula. Amefunga tangu ana miaka 12, na mwaka wa kuhama Aden alifunga vilevile. Mwanawe akampigia rabi simu siku mbili kabla, na rabi akaomba aongee na mimi.

Nilidhani sikusikia vizuri. Aliniuliza: asubuhi sukari yake husomaje? Akikosa maji kwa saa kadhaa, huchanganyikiwa? Husimama mwenyewe? Nikamweleza niliyoyaona, si zaidi. Akashukuru, akaomba nimrudishie mwenye simu, na hukumu ikatoka: Bibi atapewa.

Jioni mjukuu alinionyesha ilivyo. Katika Talmudi, mgonjwa akisema "nahitaji kula" na daktari akisema "hahitaji", husikilizwa mgonjwa. Ushahidi wao ni Mithali 14:10, "Moyo huujua uchungu wa nafsi yake." Daktari akisema anahitaji na mgonjwa akakataa, husikilizwa daktari, kwa hofu kwamba ugonjwa wenyewe umempumbaza. Kwa hiyo neno la Bibi lingelishinda la daktari kama angekuwa anaomba chakula. La kukataa halikuwa na uzito wowote. Nililipenda jambo hilo kuliko nilivyotarajia. Kazini kwetu tunafundishwa kuheshimu matakwa ya mgonjwa, na tunafundishwa kufuata maagizo ya daktari, halafu tunaachiwa wenyewe kujua la kufanya mawili hayo yanapogongana. Hawa walikaa wakaliamua karne nyingi zilizopita, na mizani wakaiinamisha kwa makusudi upande wa uhai.

Hata hivyo hawakumpa sahani. Sheria inapima: kinachohesabiwa kuwa ni kula hasa siku hiyo ni kiasi cha tende kubwa, kiliwe kwa muda mfupi. Basi mgonjwa ambaye kidogokidogo kinamtosha hupewa chini ya kiasi hicho, asubiri, apewe tena. Kikombe cha plastiki cha dawa ndicho kilichokuwa kipimo chetu, chakula kisifike mililita 30, kisha dakika 9 za kungoja. Simu yangu ndiyo iliyohesabu dakika, kwa kuwa wao hawazigusi siku hiyo. Bibi alitokwa machozi kwa kikombe cha kwanza. Nikamsomea kwa Kiarabu aya ya saumu, ile ya kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia yaliyo mepesi wala hatutakii yaliyo mazito. Akatikisa kichwa. "Hiyo majirani zetu Aden walikuwa wakiisema," akasema, akameza.

Siku nne baadaye, vibanda. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na kibanda uani, barazani au juu ya paa la gereji, mradi mbingu iko juu yake. Kuta zaweza kuwa za chochote. Paa ndilo lenye masharti: litokane na kilichoota ardhini, kiwe kimekatwa, kisiwe chombo au kifaa, na kivuli chake kizidi jua lake. Mtu wa pwani akiyasikia hayo anafikiria kitu kimoja tu. Nikamuuliza mjukuu: makuti yetu ya mnazi, yaliyoshonwa kwenye fito, yangefaa?

Hakuwahi kuyaona. Nikamwonyesha picha ya nyumba ya shangazi yangu iliyoko Matuga, pwani kwetu. Aliitazama muda mrefu, akauliza yanatengenezwa kwa kazi gani. Kuezekea. Hayalaliwi? Hayalaliwi. Basi akasema Mishna, kitabu cha sheria ambacho Talmudi inakifafanua, ina mkeka wa matete: uliosukwa kwa kulalia ni kifaa, haufai kuezeka kibanda, na uliosukwa kwa kufunikia unafaa. Kwa hiyo nia ya msukaji ndiyo inayoamua. Nikafurahi kwa niaba ya shangazi. Halafu akauliza, "Mvua inaingia?" Nikamjibu kwa fahari kwamba makuti ya fundi mzuri hayavuji hata masika. Akanirudishia simu. Wapo marabi wakubwa wa zamani, akasema, walioshikilia kwamba paa lisilopitisha mvua limekuwa nyumba, si kibanda tena, na watu huwachelea. Tukafikia hukumu yetu wawili: makuti ya fundi mzuri hayafai, ya fundi mbovu yanafaa. Sijui kama rabi wake angeipitisha.

Mvua ya London ilileta kesi nyingine. Mtu anayeteseka kibandani amesamehewa kukaa humo, na Mishna inasema mvua ikifikia kuharibu uji, watu watoke, na inatoa mfano wa mtumwa aliyekuja kumimina kikombe cha bwana wake, akamwagiwa jagi usoni. Anayeng'ang'ania kukaa huku amesamehewa anaitwa mjinga, tena kwa neno hilo hilo. Bibi, mwenye mafua, mwanamke ambaye hata katika jua hakuwajibika kukaa kibandani, aliketi humo na blanketi mbili akila supu iliyokuwa ikiongezeka maji. Mjukuu akamsomea sheria. Bibi akamwambia asome kwa sauti zaidi, mvua inampigia kelele.

Usiku, siku takatifu ya pili ya sikukuu hiyo ilipokwisha na wanaume wametoka sinagogi, nikamkumbusha mjukuu deni lake la mwezi.

Alianza na Yerusalemu ya zamani, Hekalu likiwa limesimama na hata baada ya kuvunjwa. Mwezi wao, kama wetu, ni wa siku 29 au 30, na hakuna aliyejua kwa uhakika mpaka watu wauone. Waliouona walikwenda kutoa ushahidi mbele ya mahakama. Waliruhusiwa kuvunja Sabato wakiwa njiani. Mjini kulikuwa na ua mkubwa ulioitwa Beit Ya'azek, ambamo waliandaliwa karamu nono ili wapende kuja tena. Kisha wakahojiwa mmoja mmoja: uliuona mbele ya jua au nyuma yake? Kaskazini au kusini? Juu kiasi gani? Umeinamia wapi? Upana wake? Raban Gamliel, mkuu wa mahakama, alikuwa na michoro ya sura za mwezi ukutani mwa chumba chake cha juu, akiwauliza wasiojua kueleza: ulikuwa hivi, au hivi?

Mahakama ikishatangaza, mioto iliwashwa kutoka Mlima wa Mizeituni, kilele hata kilele, mpaka habari ikafika uhamishoni Babeli. Wasamaria, waliokuwa na ugomvi na marabi, wakawasha mioto ya uongo. Basi mioto ikaachwa, wakatumwa wajumbe. Mjumbe ana miguu miwili. Pasaka na Vibanda zote huanza tarehe 15 ya mwezi, na kuna miji ambayo mjumbe hakuifikia kwa siku hizo. Miji hiyo ikashika siku mbili kwa shaka.

"Na siku hizi?" nikauliza. "Mnayo kalenda ukutani. Ya benki."

Hapo ndipo alipokuwa akiningojea. Kalenda ya hesabu, ambayo mapokeo yao yanaihusisha na kiongozi aliyeitwa Hillel katika karne ya 4, ilimaliza shaka zamani. Mizunguko ya miaka 19, saba kati yake ikiwa na mwezi wa 13, ili Pasaka isitoke majira ya kuchipua, si kama Ramadhani yetu inayotembea mwaka mzima. Talmudi yenyewe inauliza swali langu: sasa tunajua hesabu, kwa nini tunashika mbili? Na inajibu kwamba kutoka nchi ya Israeli ulitumwa ujumbe: shikeni desturi ya baba zenu iliyo mikononi mwenu, yaweza kuja siku serikali ikapiga amri, mambo yakavurugika. Mimi niliona ni sababu dhaifu. Bibi, ambaye aliona mji wake ukigeuka kwa siku tatu, hakuhitaji kuelezwa.

Na Yom Kippur, kwa nini hawafungi siku mbili? Kwa kuwa zinaua. Walikuwapo wachache waliofunga mbili, Rava wa Babeli mmojawapo, lakini umma haukutwishwa. Shaka iliruhusiwa kuwaongezea watu siku ya kula. Ya njaa haikuruhusiwa.

Sasa nieleze kwa nini neno mwezi lilinikaa kichwani. Nyumba yetu ya Kibokoni ni ya ghorofa. Chini tulikaa sisi, juu alikaa Ami, kaka yake baba. Baba alifuata mwezi ulioonekana hapa kwetu na kutangazwa hapa kwetu. Ami alifuata mwezi ulioonekana popote duniani. Miaka mingi ilipita bila shida, lakini ile iliyoharibika niliijua kwa pua: juu Idd imeingia, harufu ya biriani inashuka ngazi, chini sisi tumefunga. Baba alikuwa na hadithi ya Kurayb, aliyetoka Sham akafika Madina na habari kwamba huko mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akamwambia sisi tuliuona usiku wa Jumamosi, tutaendelea kufunga mpaka tutimize 30 au tuuone. Ami alikuwa na jibu: mwezi ni mmoja, na siku za Kurayb hakukuwa na simu. Wote wawili walikuwa wasomi kwa kiwango cha mtaa wetu, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Waliacha kusalimiana Idd mbili nzima. Mamangu alipika mara mbili, juu na chini, na hakuna aliyemuuliza rai yake.

Nikamsimulia mjukuu. Alisikiliza, akaenda kuchukua kitabu, akarudi na kisa kilichomo katika Mishna ya Mwaka Mpya, nami nitakieleza kama alivyonieleza.

Walikuja mashahidi wawili wakasema wameuona mwezi kwa wakati wake. Usiku uliofuata watu wote wakatazama, hakuna mwezi. Raban Gamliel, mkuu wa mahakama, akawakubali hivyohivyo. Rabi Dosa ben Harkinas akasema hao ni mashahidi wa uongo: mwanamke atasemwaje kuwa amezaa, na kesho yake tumbo lake bado liko puani? Rabi Yehoshua akamwambia Dosa: naona maneno yako. Habari zikamfikia Gamliel. Akatuma amri kwa Yehoshua: nakuagiza uje kwangu na fimbo yako na pesa zako, siku ambayo kwa hesabu yako ni Yom Kippur.

Fimbo na pesa ni vya msafiri, na siku hiyo havibebwi. Kwa mtu anayeamini kwamba leo ndiyo siku tukufu kuliko zote za mwaka, ni kuambiwa aivunje hadharani, kwa mguu wake, barabarani. Rabi Akiva alimkuta Yehoshua amesononeka, akamwambia alichokifanya Gamliel kimekwisha kufanyika, maana imeandikwa kwamba hizi ni sikukuu mtakazozitangaza ninyi, ziwe kwa wakati wake au zisiwe. Yehoshua akaenda kwa Dosa, na Dosa mwenyewe, aliyeanzisha hoja, akamwambia: tukianza kuihoji mahakama ya Gamliel, itabidi tuzihoji zote tangu Musa. Yehoshua akachukua fimbo na pesa zake, akaenda. Gamliel akasimama, akambusu kichwani, akamwambia: karibu kwa amani, mwalimu wangu na mwanafunzi wangu. Mwalimu wangu kwa hekima, mwanafunzi wangu kwa kuyapokea maneno yangu.

Niliuliza swali ambalo nadhani kila mtu wa nyumba yetu angeuliza. Nani alikuwa sahihi? Mwezi uliandama, au haukuandama?

Mjukuu akasema hilo ndilo swali ambalo mahakama iliruhusiwa kukosea. Akanisimulia mapokeo ya marabi: malaika wanakusanyika mbele ya Mungu kumuuliza Mwaka Mpya ni lini, naye anawaambia, mnaniuliza mimi? Twendeni sote tukaiulize mahakama ya huko chini. Nikamwambia nasi tuna hadithi, imo katika mkusanyo wa Tirmidhi, ya kwamba saumu ni siku mnayofunga na kufungua ni siku mnayofungua. Niliisoma darasani Kibokoni nikadhani ni maneno ya kujaza nafasi, saumu ni siku ya kufunga, sasa yatakuwa nini mengine? Akaniomba nimtafsirie mara ya pili, polepole. Kisha akataka kujua kama "mnayofunga" hapo ni ya mtu mmoja au ya wengi. Ya wengi, nikasema. Hakusema kitu, aliandika pembezoni mwa daftari lake.

Sikubaliani na kila kitu cha kisa hicho. Agizo la Gamliel lina ukatili ndani yake, na marabi wenyewe waliona: Talmudi inasimulia kwamba baadaye alimdhalilisha Yehoshua kwa jambo jingine mbele ya wanafunzi, na watu wakamwondoa Gamliel kwenye ukuu. Tena Yehoshua alikuwa na bahati ya kuwa na mahakama moja. Yenye kukosea, lakini moja. Sisi usiku wa kuamkia tarehe 30 tuna simu, kila simu ina mashahidi wake, na hakuna anayeulizwa kama mwezi ulikuwa kaskazini au kusini mwa jua. Kama tutumie hesabu au tusitumie, hilo wanazuoni wetu wanalibishania na mimi si mwanazuoni. Ninachokiona ni kwamba Yehoshua hakutakiwa kubadili rai. Hakuna aliyemwambia aseme ameuona mwezi. Rai yake imeandikwa kitabuni mpaka leo, pamoja na tumbo la yule mwanamke. Alichodaiwa ni miguu tu. Baba na Ami walitaka mwenziwe abadili moyo, na moyo haubadiliki kwa kupigiwa kelele ngazini.

Pasaka iliyofuata alikuja binamu kutoka Yerusalemu. Siku ya pili, kwake yeye ni siku ya katikati tu ya juma la Pasaka, na kwa jamaa zake ni sikukuu kamili. Sheria inamtaka anayerejea kwao ashike desturi ya kwao, lakini asifanye kazi hadharani mbele ya wenyeji. Aliswali faraghani sala za siku hizo za katikati, akatoka sebuleni amevaa suti. Nikamwambia kwetu, kwa madhehebu ya Shafi, mtu aliyeanza kufunga nchi moja akasafiri nchi nyingine huungana na wenyeji wake, hata ikamfikisha siku ya 31. Akaona ni uonevu. Nikamwambia suti katika joto la jikoni pia si raha.

Ami bado yu hai, baba ametangulia. Mwishoni mwa Ramadhani niliyoifunga katika nyumba ya Bibi nilimpigia simu, usiku ule ambao Mombasa nzima iko juu ya mapaa inatazama magharibi, nikamsimulia kisa cha Gamliel na Yehoshua chote, na fimbo, na pesa, na busu. Alikisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Aliuliza jina la yule rabi mara mbili.

"Fimbo ninayo," akasema. "Na mfuko wa pesa ninao, ingawa mtupu. Huyo wa kusimama akanibusu kichwa, mwambie mjukuu wa bibi yako anitafutie."